Kitabu cha Kiingereza kipimwe karakanani

Mhariri,

Nafundisha Kiingereza katika chuo cha ufundi. Kila tunapoitwa kuchagua kitabu kipya, tunapewa fomu ileile: sarufi imepangwa vizuri? Picha zinavutia? Mazoezi yanatosha? Tunajumlisha alama, na kinachoongoza kinanunuliwa. Hakuna anayeuliza kama mwanafunzi akikimaliza ataweza kusoma kibandiko cha mashine.

Chukua "danger", "warning" na "caution". Vitabu vingi nilivyofundishia huyapa yote maana moja: hatari. Lakini kwa viwango vya Marekani vya ANSI Z535, kila neno lina ngazi yake. La kwanza linasema usipojikinga utakufa au kuumia vibaya. La pili, huenda ukafa au kuumia vibaya. La tatu ni la jeraha dogo au la wastani. Fundi asiyejua tofauti hiyo hajui aogope kiasi gani.

Nilimwona mwanafunzi wangu mmoja, hodari kabisa wa nyakati za vitenzi, ameduwaa mbele ya maelekezo yaliyomkataza kufungua kifuniko "until" (yaani mpaka) mgandamizo uishe. Maneno mengine yote aliyajua. Hilo moja lilimshinda, na ndilo lililobeba usalama wake. Iliniuma, maana nilikuwa nimemfundisha mimi.

Watu wa matengenezo ya ndege walishaliona tatizo hili. Wana kanuni za Kiingereza chepesi, ASD-STE100: sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, na neno libaki na maana moja. "Follow" ni kuja baada ya kitu, si kutii. Wao wanamrahisishia fundi maandishi. Sisi hata kumwonesha hayo maandishi hatumwoneshi.

Sipingi sarufi. Miongozo ya mashine imejaa amri, kauli ya kutendwa na masharti. Basi hayo yatangulie, barua za kirafiki zisubiri.

Kabla ya kununua, mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa fani wakae pamoja, waweke kitabu kando ya miongozo iliyomo karakanani, waone vinakutana wapi. Kisha mwanafunzi aliyesoma sura moja asimamishwe mbele ya mashine iliyozimwa, apewe maelekezo, nao watazame mikono yake. Fomu tuliyonayo haina hata mstari mmoja wa kuandika alichokifanya. Naomba uongezwe.

Mwalimu wa Kiingereza, chuo cha ufundi