Kisigino cha gitaa kisimalizwe kwa sentensi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu utengenezaji wa magitaa kwa mkono. Mwandishi alieleza vizuri uchaguzi wa mbao na upakaji wa vanishi, lakini kisigino cha shingo, yaani ile sehemu nene inayoteremka kutoka shingoni na kuungana na kasha la gitaa, alikigusia kwa sentensi moja tu, kwamba hupigwa msasa hadi kilainike. Maelezo hayo yanaweza kumpoteza anayejifunza, kwa sababu kisigino hupigwa msasa kwa makusudi mawili yaliyo tofauti kabisa, na anayeyachanganya huharibu yote mawili.

Kusudi la kwanza ni kukaza kiungo. Nyuzi sita za chuma huivuta shingo kwa nguvu inayofikia uzito wa kilo 70 hivi, na kiungo cha kisigino na kasha ndicho kinachobeba mvuto huo miaka yote ya uhai wa gitaa. Ndiyo maana fundi makini huchimba kidogo kwa patasi sehemu ya ndani ya mashavu ya kisigino, yaani nyuso zake mbili zinazokutana na kasha, akibakiza ukingo mwembamba wa nje ambao peke yake ndio utakaogusa kasha. Kisha huiweka shingo mahali pake, hupitisha ukanda wa msasa kati ya shavu na kasha, upande unaokwaruza ukielekea kwenye kisigino, na kuuvuta taratibu, akirudia hadi mwanya utoweke. Akiugeuza ukanda huo atakuwa analila kasha, na kosa hilo halisahihishiki kwa urahisi.

Hapa ndipo ningependa wasomaji watulie, kwa kuwa hesabu yake ni kali kuliko inavyodhaniwa. Tuchukue gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa milimita 650 na shingo yake inaungana na kasha kwenye freti ya 12, freti zikiwa vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokingama shingo. Kutoka kiungoni hadi darajani, yaani pale nyuzi zinapoishia juu ya kasha, ni milimita 325. Ikiwa kisigino kina kina cha milimita 90, kupunguza milimita 1 tu kwenye ncha yake ya chini, na kuendelea kupungua hadi sifuri juu, huilaza shingo nyuma kiasi kwamba mstari wa freti ukifuatwa hadi darajani hupanda kwa takriban milimita 3.6. Tofauti hiyo inatosha kuzifanya nyuzi zigonge freti. Msasa ukivutwa zaidi upande mmoja, shingo huelekea pembeni na nyuzi ya kwanza au ya sita hukaribia kutoka ukingoni. Kwa hiyo baada ya kila mivuto michache rula ndefu ya chuma iwekwe juu ya shingo na kipimo kisomwe darajani. Macho peke yake hayatoshi.

Katika njia ya Kihispania, ambayo mbavu za gitaa, yaani mbao za pembeni za kasha, huingizwa katika mifuo iliyokatwa kwenye kisigino chenyewe, nafasi hii ya kurekebisha haipo. Kisigino huchongwa na kulainishwa kabla mbavu hazijagundishwa, na mwelekeo wa shingo hupangwa tangu mwanzo.

Kusudi la pili ni umbo. Kazi kubwa hufanywa na patasi, tupa na kisu cha kukwangulia. Msasa huja mwisho kufuta alama zao, ukianzia namba 80 au 120 (namba ikiwa ndogo, msasa hukwaruza zaidi) na kupanda hatua kwa hatua bila kuruka. Ugumu wa kisigino ni kwamba mahali ambapo mpindo unashuka, nyuzinyuzi za mti huwa zimekatwa vichwa. Hapo mikwaruzo hujificha wakati mbao ni kavu na kujitokeza vanishi inapopakwa, na mbao hunywa vanishi zaidi ikawa nyeusi kuliko sehemu nyingine ya shingo. Dawa yake ni kuipiga sehemu hiyo hadi namba 320 hata kama kwingine umeishia 220, kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kuiacha ikauke, na kuikagua kwa taa iliyowekwa upande.

Siungi mkono matumizi ya mashine ya msasa katika hatua hii. Mashine huacha mabapa kwenye mpindo na, baya zaidi, huviringisha ule ukingo mwembamba uliokazwa kwa subira kubwa, hivyo mwanya uliokuwa umekwisha hurudi na kuonekana kama mstari mweusi kandokando ya kiungo. Mkono ukiukaribia ukingo unapaswa kusimama kabla ya kuufikia, msasa ukiwa umeshikwa juu ya kipande cha mbao, si juu ya vidole. Na barakoa ivaliwe muda wote, kwani vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Naomba toleo lijalo lichapishe mchoro wa kisigino kinavyoonekana kikitazamwa upande wa kiungo, ukionyesha ukingo unaogusa kasha na sehemu iliyochimbwa, maana wanaoanza kazi hii hawawezi kuuelewa mpangilio huo kwa maneno matupu.

Wako,
Msomaji na fundi wa magitaa