Goti la kaloli

Kampala, Jumapili jioni

Rafiki yangu Zaituni,

Salamu kwako na kwa mama. Barua yako ilifika pamoja na mchoro wa kunguru. Nimeubandika juu ya meza, na una kosa lile lile langu.

Unakumbuka wale kaloli, ndege wakubwa wala mizoga, niliowachora pale jalalani? Kila mmoja alikuwa kama mzee aliyevaa koti, magoti yamegeuzwa nyuma. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Dawa yake nimeipata sufuriani. Juzi tulichemsha kuku, nikaomba asikatwe vipande, nikabaki na mifupa kwenye sahani mpaka shangazi akauliza kama nimeanza kusomea udaktari.

Basi sikia. Kile tunachokiita goti la ndege, kinachopinda kwenda nyuma, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limejificha ndani ya manyoya karibu na tumbo, nalo linapinda kwenda mbele kama langu na lako. Lile pande la nyama tunalogombania mezani, lenye mfupa wa kushikia, ni muundi. Ule mguu mwembamba wa magamba ni wayo ulioinuka. Ndege hutembea kwa vidole tu. Mtazame korongo wa bendera yetu na mguu wake aliouinua. Nimemwona tangu shule ya msingi, wala sikuwahi kujiuliza unakunjika wapi.

Bawa ni mkono, halikunisumbua sana. Manyoya marefu ya nchani yameota kiganjani, yanayofuata yako kati ya kifundo na kiwiko. Shingo ndiyo iliyonishangaza: twiga ana pingili 7 kama sisi, kuku anazo kama mara mbili ya hizo! Ndiyo maana kaloli huizamisha mabegani ukadhani hana. (Na ile nyeupe ya miguuni usiisumbukie rangi. Ni kinyesi chake mwenyewe, anajipoza joto.)

Sasa kunguru wako: goti umelining'iniza hewani, chini ya tumbo. Lipandishe, lifunike kwa manyoya, uone kama hatasimama.

Jumamosi nakwenda Entebbe, kwenye bustani ya miti pale ziwani. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe penseli laini mbili. Zangu zimekwisha kwa kaloli.

Wako,
Mwajuma