Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti: saa moja na robo yetu ya michezo iko wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu, saa nne unusu usiku, daftari la kemia liko wazi mbele yangu na maswali kumi na mawili sijayagusa. Saa kumi unusu alfajiri mama ataniamsha. Nimeamua kemia ingoje, maana yaliyotokea Jumanne yamenishinda kuyanyamazia.

Jumanne jioni, msichana tunayesoma naye darasa moja alipanda matatu nje ya shule saa kumi na mbili na robo. Alikuwa macho tangu alfajiri kama sisi sote, na usingizi ukamchukua palepale kwenye kiti. Alipozinduka gari lilikuwa limefika mwisho wa safari, mtaa asioujua, giza limeshaingia, na simu hana kwa sababu shuleni haziruhusiwi. Babake alikuja kwetu anahema, akauliza kama tumemwona. Tulizunguka stejini, mimi, mama na majirani, mpaka karibu saa tatu usiku. Alirudishwa na mama mmoja muuza viazi karai aliyemkuta analia kando ya kibanda chake. Mama yule akafunga biashara, akapanda naye gari mpaka kwao. Namwombea heri kila nikimkumbuka, na kila nikimkumbuka najiuliza ingekuwaje kama angekutwa na mtu mwingine.

Kesho yake msichana huyo alifika shuleni akiwa amechelewa dakika kumi. Aliadhibiwa.

Mheshimiwa, muhula wa kwanza ulikuja shuleni kwetu siku ya wazazi. Ulisimama chini ya mwembe, ukashika kipaza sauti, ukasema shule zote za kaunti hii zitafuata saa zilizowekwa na serikali na kwamba jambo hilo halina mjadala. Mama alipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma napanga viti, na nilikuamini. Muhula wa pili sasa unaisha.

Saa hizo hukuzibuni wewe. Zimo kwenye Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za 2015. Shule ya kutwa inasomesha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na shughuli nyingine zisizo za darasani. Ni saa moja na robo kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Halafu mtoto aende nyumbani.

Siku yetu sisi iko hivi. Prepu ya asubuhi, yaani kujisomea kabla ya masomo, inaanza saa kumi na mbili. Masomo yanakwenda mpaka saa tisa unusu, kisha bila hata kutoka nje kunywa maji yanaanza masomo ya ziada hadi saa kumi na mbili jioni. Jumamosi tunakwenda pia, hadi saa saba mchana. Kipindi cha mazoezi ya mwili kipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini tangu mwaka uanze kimekuwa hisabati. Nikifika nyumbani naoga, nachota maji, namsaidia mama kukanda unga wa mahamri ya asubuhi, ndipo nifungue vitabu. Nalala saa tano unusu. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa: ni saa tano za usingizi. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa umri wangu anahitaji saa nane hadi kumi. Shirika la Afya Duniani linasema tunahitaji pia walau saa moja ya kuutumikisha mwili kila siku. Mimi natumikisha mkono wa kuandikia.

Na likizo? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza tuisheni ya likizo. Anayeivunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi laki moja, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Likizo ya Aprili sisi tuliambiwa tuje na nguo za nyumbani, tusivae sare, tuingilie lango la nyuma. Kila mmoja alitoa shilingi elfu mbili, zikaitwa pesa za motisha. Mama anauza hamri moja shilingi kumi. Elfu mbili ni mahamri mia mbili, kabla hajatoa pesa ya unga, sukari, nazi na mafuta. Alizitoa, kwa sababu aliambiwa mtoto asiyehudhuria ataachwa nyuma.

Sitaki kuwasema walimu vibaya. Wao pia wanafika saa kumi na mbili, na wengine wana watoto wadogo wanaowaacha wamelala. Nadhani kinachotusukuma sote ni hofu. Mfumo wetu wa 8-4-4 unaondolewa: sisi ndio tuliofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, na mwaka 2027 ndio tutakaofanya KCSE ya mwisho, mtihani wa kumaliza sekondari. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili, kwa hiyo hakuna kurudia. Tunaambiwa hivyo karibu kila asubuhi, kwamba gari letu ndilo la mwisho. Pengine shule pia inataka kuaga mfumo huu ikiwa na wastani mzuri wa kutangaza. Na pengine ni zile elfu mbili mbili. Sijui lipi lina uzito zaidi. Ninachojua ni kwamba kidato cha kwanza nilipata B ya hisabati nikicheza mpira ufukweni kila jioni, na muhula uliopita nimepata D+. Nasoma mstari mmoja mara nne, hauingii.

Najua jibu ambalo watu wazima wengi watalitoa: vijana wakipewa nafasi wataimalizia kwenye simu. Nitasema kweli. Nikimaliza kazi za shule usiku, naichukua simu ya mama na kukaa nayo nusu saa nzima, wakati ningepaswa kulala. Naifanya kwa sababu hiyo ndiyo nusu saa pekee ya siku ambayo ni yangu. Ningekuwa nimecheza jioni, nimekaa na wenzangu, nimecheka, ningelala. Ndugu yangu mdogo wa miaka tisa ameacha kuniomba tucheze. Siku hizi anauliza tu, "Kesho pia uko shule?"

Mwezi Juni maafisa wako wa ukaguzi walikuja. Siku hiyo kengele ililia saa tisa unusu kamili. Stoo ilifunguliwa, tukapewa mipira minne, mitatu mipya kabisa ambayo hatukuwahi kuiona. Wasichana walicheza netiboli. Yule aliyepotea Jumanne ndiye aliyekuwa akifunga mabao, na nilikuwa sijawahi kumsikia akipiga kelele kwa furaha namna ile. Maafisa walipiga picha, wakaandika, wakaondoka. Siku iliyofuata stoo ilifungwa, nasi tukarudi madawatini. Kama kwenye ripoti uliyoletewa kuna picha ya watoto wakicheza, Mheshimiwa, ni sisi, na ilikuwa siku hiyo moja.

Siombi tupunguziwe mitihani. Siombi hata zile elfu mbili zirudishwe, ingawa mama angefurahi. Naomba saa moja na robo. Ile ya saa tisa unusu hadi saa kumi na moja kasorobo, ambayo tayari ni yetu kwa kanuni na kwa ahadi yako mwenyewe chini ya ule mwembe. Tukitoka wakati huo, yule msichana atafika kwao jua likiwaka.

Usitume maafisa kwa barua inayofika wiki moja kabla yao. Njoo mwenyewe, siku yoyote, bila kumwambia mtu, usimame langoni saa kumi alasiri. Uwanja uko upande wa kushoto ukiingia. Stoo ya mipira ni mlango wa kijani karibu na tangi la maji, na ufunguo wake uko ofisi ya naibu mwalimu mkuu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, shule ya kutwa