Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: kabla kijiko hakijashuka Bonde la Msimbazi, tuangalie kwanza kilicho chini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Mimi ni dereva wa tipa, nimezaliwa Kigogo bondeni na nimekulia hapohapo mpaka nyumba ya mama ilipovunjwa. Sikuandikii mambo ya fidia, hayo yana mahali pake, na wala siupingi mradi huu wa kupanua mto Msimbazi na kujenga daraja na bustani bondeni. Mtu aliyepandisha wadogo zake juu ya kabati Desemba 2011 maji yakiingilia dirishani hawezi kupinga mto kupanuliwa, mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 hapa mjini na wengine tuliwazika wenyewe. Kwa hiyo daraja la Jangwani lijengwe, mto uchimbwe, bustani ije. Ninachoomba ni kimoja tu, kwamba sehemu ambazo bado hazijachimbwa waingie kwanza watu wa mambo ya kale, na waingie mwanzo kabisa, sio siku kijiko, yani mtambo wa kuchimbia, kimeshagonga kitu.

Nikwambie kwa nini hili linaniuma. Nilikua darasa la nne mjomba anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba, kazi yangu kuvuta ndoo. Mchanga wa mto ulikua mwingi, tukachimba mpaka mjomba kichwa hakionekani, alafu ghafla ukaanza udongo mweusi mzito na humo ndo vikaanza kutoka vigae, vipande vya vyungu vyenye mistari kama vimechorwa na kucha, na magamba ya chaza mengi sana na mkaa. Mjomba akasema hapa palikua na jiko la watu. Tukacheka, tukavitupa mtoni vyote, shimo likaendelea.

Miaka mingi baadae nikiwa nimeshaanza udereva nilipakia kifusi kwenye msingi wa jengo moja mjini, na kwenye ule udongo niliona vipande vya sahani za bluu na nyeupe, vigae na magamba yaleyale ya chaza. Nikamwambia msimamizi, akanijibu trip zinachelewa. Kifusi kile nilikimwaga mwenyewe kwenye shimo huko nje ya mji na juu yake leo kuna nyumba. Sijawahi kukisahau.

Kijana mmoja aliyekua amepanga kwetu anasoma akiolojia, elimu ya mambo ya kale, pale Chuo Kikuu Mlimani ndo alinielewesha nilichokifanya. Alisema kigae kikiwa mkononi ni kigae tu, ila kikiwa bado kimelala mahali pake, juu ya mkaa na chini ya mchanga wa mafuriko, kinaongea, kwa sababu ule mkaa unapimwa maabara na unatoa umri, magamba yanaonyesha watu walikula nini, na mpangilio wa tabaka unaonyesha nani alitangulia na nani alifuata. Ukishachota kwa kijiko ukamwaga kwenye tipa hata kama kila kipande kimebaki kizima habari yenyewe imekufa, haipangiki tena. Nyumba ya zamani ikibomoka unaweza kuijenga upya kwa picha, lakini tabaka la udongo halina picha.

Sasa kuna watu watasema bonde lile ni matope na taka, mto umeshasomba kila kitu, kuna nini pale. Mheshimiwa, mto hausombi tu, mto unafukia pia. Sisi tuliokaa kule tunajua, kila masika mchanga unapanda, kuna ngazi za nyumba yetu zilikua nne zikabaki moja. Kitu kilichofukiwa hivyo kinakaa salama kuliko kilichobaki juu kinakanyagwa. Ndo maana pia mtaalamu akija akatembea juujuu na daftari hataona kitu zaidi ya chupa za plastiki na viroba, ataandika hakuna, na ataondoka. Pale panataka kuchimbwa vishimo vya majaribio vinavyoshuka kweli, vinachimbwa kidogokidogo na udongo unachekechwa.

Tena sehemu ya kazi imeshafanyika bila watu kujua! Mainjinia kabla ya kujenga daraja wanatoboa ardhi kuchukua sampuli, zinapangwa kwenye maboksi kwa urefu, mita kwa mita. Mimi nimeshabeba maboksi hayo. Mtu wa akiolojia akiyaangalia yale kabla hayajatupwa anaweza kusema hapa mto ulipita, hapa palikua nchi kavu watu wanaweza kukaa, hapa pana mkaa, pachimbwe. Ni swala la barua moja kutoka ofisini kwako.

Watu wa New York hili lilishawatokea. Mwaka 1991 serikali ya Marekani inajenga jengo la ofisi katikati ya mji, na kwenye ramani za zamani ilijulikana palikua na makaburi ya Waafrika, wengi wao watumwa, lakini wakajiaminisha kwamba misingi ya majengo yaliyofuata ilishayamaliza. Haikua hivyo, makaburi yalikua chini kabisa yamefunikwa na kifusi. Walitoa mabaki ya watu 419, wananchi weusi wakapigania mpaka uchimbaji ukasimamishwa, mchoro wa jengo ukabadilishwa, watu wale wakazikwa upya 2003, na mwaka 2006 pakatangazwa kumbukumbu ya taifa. Wangeangalia mapema wasingefika kwenye kusimamisha kazi mkataba unaenda, na mimi mtu wa mitambo nakwambia kijiko kikisimama site siku moja kinakula hela.

Na hapa kwetu sio pori lisilo na historia. Kabla ya Sultani Majid wa Zanzibar kuanza kujenga mji wake miaka ya 1860 palikua na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, upande ule wa Ocean Road, sio mbali na Msimbazi unapoingia baharini. Washomvi na Wazaramo wamekaa hapa. Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za China. Profesa Felix Chami, mtu wa akiolojia, na wenzake wameonyesha pwani hii ilikua na wafua chuma na wafinyanzi mamia ya miaka kabla ya hapo, kuna vyungu vya michoro ya pembetatu vya kuanzia karne ya 6 hivi. Watu hao walihitaji maji baridi, samaki, mikoko ya kujengea na udongo wa kufinyangia, na vyote hivyo vinapatikana Msimbazi, mto unaotoka vilima vya Pugu mpaka daraja la Selander. Mi sio msomi lakini mtu akiniuliza wangekaa wapi nitamwambia kingo zile za juu kidogo, Hananasif, Kigogo, Magomeni, Upanga, kulekule ambako na sisi tulikaa.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakitambua kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, yani mabaki ya Mzizima yanaingia bila mtu kuomba. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini kabla ya mradi. Benki ya Dunia iliyopitisha dola milioni 200 za mradi huu 2022 nayo ina masharti yake ya urithi wa utamaduni. Ila masharti ya ukikuta kitu simamisha kazi hayatoshi Mheshimiwa, maana anayekikuta ni opareta aliye juu ya mtambo mita kadhaa, analipwa kwa kazi inayoonekana, na hajawahi kuonyeshwa kigae kinafananaje. Waelekezwe nusu siku tu, opareta na madereva, kwa vigae halisi mkononi, na wajue ukisimamisha kazi kwa sababu hiyo hukatwi hela. Na udongo wa kujazia unapotoka napo paangaliwe, hilo watu wanalisahau kabisa.

Alafu kuna jambo la haraka kuliko yote. Waliokua wanajua bonde wameshatawanyika, wengine Mabwepande, wengine Chanika, wengine wamerudi vijijini kwao. Kuna bibi anajua kisima cha zamani kilikua wapi, kuna mzee anajua makaburi yasiyo na alama na mti uliokua unafanyiwa matambiko, na makaburi yana sheria yake tangu 1969, hayahamishwi kienyeji. Wenyeviti wa mitaa wana majina na namba za simu za watu waliolipwa fidia. Wapigiwe sasa hivi, waletwe wakiwa na nguvu za kutembea, waonyeshe kwa kidole, maana ramani za kupimwa kwa satelaiti hazina vitu hivyo. Na ripoti ya tathmini ibandikwe ofisi za serikali za mitaa, kwa Kiswahili, ili bibi huyo amwambie mjukuu wake amsomee na aseme hapa mmekosea.

Mimi niko tayari siku yoyote, hata Jumapili, sihitaji posho. Nyumba yetu haipo na choo cha mjomba kimefukiwa, ila mwembe uliokua pembeni yake mara ya mwisho napita ulikua bado umesimama, na shimo lilikua hatua saba kutoka kwenye shina ukielekea mtoni.

Wako,
Dereva wa tipa, mtoto wa Kigogo