Mandhari ya jukwaani hudai umbali

Mhariri,

Mara nyingi vilima au mbuga vinapohitajika kwenye tamthilia hapa Nairobi, hutundikwa shuka moja kubwa lililochorwa mgunga na jua la magharibi. Taa zikiwaka, kivuli cha mwigizaji kinaangukia juu ya jua lenyewe. Mchoraji hana kosa. Kinachokosekana ni umbali.

Tazama Milima ya Ngong asubuhi kutoka Barabara ya Magadi. Nyasi za karibu ni za kahawia, unaona hadi suke. Kigongo cha kati kimefifia. Vilele vya nyuma ni samawati iliyopauka, havina alama yoyote ndani, kwa sababu ya vumbi na unyevu ulio hewani. Jukwaani nako jenga matabaka matatu, na rangi ya milima ya mbali ipunguzwe ukali kwa nyeupe na samawati. Nyeusi usiiguse: huuvuta mlima mbele.

Fremu za matabaka haya ni za mbao za inchi 2 kwa 1, futi 8 kwa 4, sawa na karatasi ya plaiwudi. Kingo za vilima zikatwe kwa plaiwudi nyembamba. Kitambaa cha marekani kipigiliwe kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, kikiwa kimelegea kidogo, kisha kipakwe gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji. Kikilowa na kukauka kitajikaza chenyewe. Ukikivuta sana mwanzoni, kitapinda mbao.

Kati ya tabaka na tabaka acha mita moja, taa ziwekwe chini hapo zikimulika juu. Wengi hubana matabaka ili kupata nafasi ya waigizaji, na kivuli cha kilima cha mbele kinalala juu ya cha nyuma. Afadhali kupunguza tabaka moja. Rangi iwe ya maji isiyong'aa, na ijaribiwe chini ya taa zenyewe, si juani: taa ya rangi ya chungwa hugeuza samawati kuwa kijivu cha matope.

Kwa mawe, wavu wa kuku juu ya mbao, vipande vya gazeti na uji wa unga wa ngano vinatosha. Maranda ya mbao kwenye rangi yataleta ukwaru. Kila fremu iegemezwe mhimili nyuma na kukandamizwa kwa gunia la mchanga.

Matawi mabichi tunayapinga kabisa. Hunyauka chini ya taa, majani hupukutika, na yakikauka hushika moto upesi. Kitambaa na gunia pia vipimwe nje kwa kiberiti: kipande kikiendelea kuwaka baada ya moto kuondolewa, kisiingie ukumbini hadi kitiwe dawa ya kuzuia moto.

Wasimamizi wa kumbi nao tunawaomba watoe muda wa saa 4 za kupanga taa siku moja kabla ya onyesho. Muda wa saa moja tu jioni ile ile ya onyesho hautoshi hata kuelekeza taa za tabaka moja.

Wabunifu wa majukwaa,
Nairobi