Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili: panya aliyetulia si panya aliyelala

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naandika kwa heshima zote, ile iliyobaki.

Jumanne iliyopita, kabla ya upasuaji wa utafiti, panya wa nne alidungwa yujenoli, ile dawa itokanayo na mafuta ya karafuu. Akalegea. Akalazwa chali, hakujigeuza, ikatangazwa kuwa amelala. Kisu kilipogusa ngozi, pumzi zikaenda mbio na mguu ukavutwa. Aliyemshika ni mimi.

Kamati yako ilituandikia kwamba dawa hii haina wasiwasi kwa kuwa ni ya mmea. Ahsante kwa elimu hiyo. Kurare nayo ni ya mmea: hulegeza misuli na kuyaacha maumivu macho. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1947, huko Marekani, daktari Scott Smith alikubali kudungwa dawa ya kurare bila kulazwa usingizi. Hakuweza kuinua hata ukope, lakini nguvu ya dawa ilipokwisha alisimulia yote aliyotendewa. Panya wetu hasimulii.

Mimi nahisi kosa ni dozi. Au ni ile chupa iliyoachwa wazi hadi mafuta yakageuka rangi. Au ni haraka tu ya watu wanaotaka matokeo.

Machi uliahidi mkeka wa joto, maana panya aliyelazwa usingizi hupoa upesi. Mkeka ulifika: ni taulo. Ukaahidi pia daktari wa mifugo awepo chumbani. Kumbukumbu za vikao vitatu zinasema "yuko njiani". Njia hiyo ni ndefu, Mheshimiwa.

Miaka kumi na moja nawalisha, nawasafishia vizimba, na asubuhi ni mimi ninayeokota waliokufa. Nikifika nyumbani nanawa mara tatu, harufu ya karafuu haitoki. Anayehitaji dawa ya usingizi sasa ni mimi.

Naomba daktari awepo. Akikosekana, basi mtu aliyefunzwa abane kidole cha mguu wa panya kwa nguvu kabla ya kisu, na mguu ukivutwa, kisu kirudi mezani. Kutojigeuza pekee hakutoshi. Kubana kidole hakuhitaji bajeti wala kikao. Kidole tu, Mheshimiwa. Kibanwe.

Panya wa tano yuko kwenye ratiba ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Sitamshika mpaka kidole kibanwe mbele ya macho yangu.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mtunza wanyama, chumba cha panya