Kabla ya Hazina kuguswa, wenye kampuni watangulie

Mhariri,

Kila kampuni kubwa ya magari inapoyumba, mjadala hugota palepale: serikali iiokoe au iiache ife? Mimi ningependa tuanze na swali jingine. Nani ametoa nini kabla mlipa kodi hajaombwa kutoa?

Chukua Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani. Mwishoni mwa 1979 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuidhamini ipate mikopo ya hadi dola bilioni 1.5. Serikali ilisimama kama mdhamini, na haikusimama bure. Benki zilitakiwa kulegeza madai yao, wafanyakazi wakakubali kupunguziwa mapato, nayo serikali ikajiwekea haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa mapema. Mkuu wa kampuni, Lee Iacocca, alijipangia mshahara wa dola moja kwa mwaka. Najua, hayo ni maonyesho, lakini fundi anayekatwa mshahara huyaona. Mikopo ilimalizwa 1983, miaka saba kabla ya muda wake, na Hazina ikaondoka na zaidi ya dola milioni 300 kutokana na zile haki za hisa.

Sasa tazama British Leyland, kampuni ya magari ya Uingereza. Serikali ya Uingereza iliichukua 1975 na kuendelea kuimiminia fedha, huku migomo ikiendelea na magari ya kampuni ileile yakigombania wateja walewale. Hakuna aliyelazimika kubadilika mapema, maana kila mtu alijua fedha zitakuja. Masalia yake, MG Rover, yalifilisika Aprili 2005, na maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha Longbridge wakarudi nyumbani.

Wanaotaka kampuni ziachwe zife wana hoja nzito, ila husahau jambo moja. Gari lina maelfu ya vipuri, na kiwanda kinachotengeneza breki au viti huuzia kampuni kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana mwaka 2008 mkuu wa Ford, Alan Mulally, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kuunga mkono msaada wa serikali ambao washindani wake ndio waliouhitaji zaidi. Alijua kwamba General Motors ikianguka ghafla, wauza vipuri wangeanguka nayo, na Ford ingekwama bila kosa lake. Hoja hiyo ndiyo iliyonifanya niache msimamo wangu wa zamani wa "wafe tu".

Lakini wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler walipofika Washington mara ya kwanza, Novemba 2008, walikwenda kuomba kwa ndege za binafsi. Fedha zilipokuja, masharti yalikuwa makali. Mkuu wa General Motors, Rick Wagoner, aliondolewa Machi 2009. Kampuni ikapitishwa kwenye ufilisi Juni mwaka huohuo, wenye hisa wa zamani wakapoteza karibu kila kitu, na serikali ikawa mmiliki mkubwa. Ilipouza hisa zake za mwisho Desemba 2013, Hazina ilikuwa imepoteza kiasi cha dola bilioni 11. Ni hasara kubwa. Hata hivyo naikubali kuliko ya Uingereza, kwa sababu waliokuwa wakila faida ndio walioumia kwanza. Kinachonikera ni kwamba wafanyakazi wapya nao waliingia kazini kwa karibu nusu ya mshahara wa wenzao waliowatangulia.

Kwa hiyo, Mhariri, wakuu wa kampuni ya magari watakapobisha tena hodi Hazina, waje na karatasi moja: benki zimesamehe kiasi gani, wenye hisa wamepoteza nini, wakurugenzi wamekatwa kiasi gani, na viwanda vya vipuri vinadai nini. Mstari wa wenye hisa ukiwa mtupu, warudishwe mlangoni na karatasi yao.

Msomaji wako,
Mlipa kodi